Mzee Hom Alipopanda Gari la Warusi

Kituoni kwetu Brooklyn, kituo cha wazee cha kushinda mchana, kila mtu ana kiti chake. Hakuna aliyevigawa viti hivyo, lakini ukikaa cha mwenzio utatazamwa mpaka uhame mwenyewe. Mimi nakaa meza ya pili kutoka jikoni, karibu na bomba la joto, pamoja na Seto Laifan, mumewe Mzee Hom, na Tam Sungyiu, ambaye zamani alikuwa mpishi wa hoteli na mpaka leo hajawahi kumsifu mpishi mwingine. Wengi wetu ni watu wa Taishan, kusini mwa China. Tulifika nchi hii tukiwa watu wazima, tukashona, tukapika, tukaosha vyombo vya wengine, na tulipokuja kupata nafasi ya kujifunza Kiingereza tulikuwa tumeshazeeka. Kwa hiyo asubuhi gari la kituo likipiga honi chini ya nyumba, mtu hushuka mbio. Asiyeshuka atabaki kutazamana na ukuta hadi jioni.

Wa nje hudhani tunafuata chakula cha bure. Chakula tunakula, sikatai. Lakini pale kuna muuguzi anayekupima presha na kukuuliza kwa lugha yako kama umelala vizuri. Kuna mtu wa kukupigia simu hospitali. Kuna mazoezi ya polepole asubuhi, kuna mahjong, mchezo wetu wa vigae, mchana, na kuna watu wa kugombana nao kwa maneno uliyozaliwa nayo. Laifan alizoea kusema kwamba nyumbani anatumia maneno machache tu, chai, mlango, dawa, na mengine yote ameyaacha kituoni.

Mumewe alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha tambi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana na nywele chache, na katika mahjong alikuwa hatari. Tam alimwita mwizi mwenye tabasamu. Halafu, kidogo kidogo, akanyamaza. Ukimsalimu alitikisa kichwa kukubali na kutabasamu. Ukimwuliza jambo, alitikisa kichwa vilevile. Laifan alituambia masikio yake yamekufa, kelele za mashine za kiwandani ndizo zilizoyaua. Tukaanza kumpigia kelele. Hata muuguzi alimpigia kelele, na alipotaka kumpeleka kwa daktari wa masikio, Laifan kila mara alikuwa na sababu: leo ana mafua, wiki hii binti yao anakuja, daktari huyo hajui lugha yetu.

Ukweli aliniambia Laifan baadaye. Mzee Hom hakuwa kiziwi. Alikuwa anasahau. Alianza na majina ya watu, akaja kusahau siku, na kipupwe kile alikuwa anasimama sebuleni kwake mwenyewe na koti mkononi, akiuliza gari la kumrudisha nyumbani litafika saa ngapi. Laifan alihamisha kiti chake kikawa kushoto kwa mumewe, na wakati wa mchezo alimgusa goti chini ya meza, mguso mmoja wa kuokota kigae na mwingine wa kutupa. Mtu akimsemesha mumewe, yeye alijibu kabla ya swali kwisha. Alijibu hata aliposalimiwa na mtu aliyekuwa akipita mbali. Usiku alikuwa na usingizi wa paka, sikio moja mlangoni.

Alichokuwa anakiogopa kilikuwa na jina, na jina hilo ni Mzee Pang. Pang alikuwa mwenzetu. Siku moja alitoka kituoni akapotea, akaokotwa na polisi karibu na reli, na wanawe wakampeleka kwenye nyumba ya wazee huko nje ya jiji. Tuliwahi kwenda kumtembelea. Nyumba ilikuwa safi, wahudumu walikuwa na adabu, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kusema neno la lugha yake. Walimwita kwa jina walilolipinda mpaka likawa la mtu mwingine. Mara ya mwisho tulipomwona, tulimsemesha sisi naye hakujibu. Hakuwa ameugua koo. Alikuwa ameacha tu kusema. Nadhani ndipo Laifan alipoamua kwamba hakuna atakayejua habari za mumewe, si kituo, si sisi, wala si binti yao Sukyi aliyekuwa akiishi New Jersey na kupiga simu kila Jumapili.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya theluji kubwa. Barabara zilikuwa za tope jeusi na magari ya vituo vya wazee yalikuwa yamechelewa kila mahali. Kituo chetu kinapakana na zahanati, na mbele ya majengo yote mawili kuna sehemu moja tu ya magari kusimama, kwa hiyo asubuhi ile palikuwa na msongamano wa magari meupe yakishusha na kupakia wazee.

Muuguzi alimwita Laifan nyuma ya pazia kupimwa presha. Mimi nilikuwa jikoni nikichukua maji ya moto. Niliporudi, Mzee Hom hakuwapo kwenye kiti chake, na koti lake pia halikuwapo. Laifan alitoka nyuma ya pazia akikunjua mkono wa sweta, akakitazama kile kiti, kisha akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nilimwuliza mzee yuko wapi. Akasema amekwenda kwa kinyozi.

Tam alikuwa anaingia kutoka kuvuta sigara, mabega yake yana theluji. Aliposikia habari za kinyozi alimtazama Laifan kidogo, akaketi, akasema, "Kinyozi gani huyo? Ananyoa nywele moja moja?"

Meza nzima ilicheka. Laifan naye alicheka. Kisha akasema anakwenda msalani.

Hakwenda msalani, au alikwenda akapita. Nilimwona akifungua mlango wa jikoni na kuchungulia, akafungua chumba cha kuwekea mifagio, akapanda ngazi nusu na kushuka. Kisha akatoka nje bila kufunga koti. Aliporudi viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi kwenye vifundo vya miguu. Aliketi, akaomba chai, na kikombe kilipokuja hakukiinua, alikishika tu kwa mikono yote miwili mezani.

Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema presha imepanda kidogo, si kitu.

Chakula cha mchana kilipotangazwa, alipanga foleni akachukua sinia mbili. Ya mumewe aliiweka mbele ya kiti kitupu, akaifunika na sahani, akaweka vijiti vizuri kando yake. Mtu wa meza ya jirani alimwuliza kwa sauti mume wake yuko wapi leo, naye akajibu kwamba anakuja sasa hivi. Alijibu haraka mno. Kisha akainuka tena akatoka, akiacha chakula chake bila kukigusa.

Nilichukua koti langu nikamfuata. Upepo ulikuwa unachoma masikio. Nilimkuta kwenye kona, mbele ya duka la mboga, akimweleza muuzaji kwa mikono: mtu wa urefu huu, kofia, anatembea hivi. Muuzaji alikuwa mtu wa Fuzhou, Mchina wa mkoa mwingine, na lugha zao hazikukutana popote. Akamwonyesha mabamia. Laifan aliendelea kumwonyesha kofia.

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama chuma.

"Dada Fan," nikamwambia, "kinyozi yuko upande ule mwingine."

Akanitazama.

"Sau, hayuko kwa kinyozi."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Na yeye hajui. Hata nyumbani hapajui tena." Akaingiza mkono mfukoni akatoa glavu moja nyeusi ya kiume. "Ana moja tu. Hii nilikuwa nimeishika nikimvalisha, wakati tunashuka kwenye gari. Nikasahau kumpa."

Pale mbele ya mabamia ndipo aliponiambia yote, harakaharaka, akitazama kila mzee mwanamume aliyepita. Alinishika nguo akaniomba nisimwambie Bi Kwan, msimamizi wa kituo. Alisema tutamtafuta wenyewe, yeye upande huu na mimi upande ule, hawezi kuwa amefika mbali, miguu yake ni mizito. Nilimwuliza ametoka saa ngapi. Hakujua. Nilimwuliza kama ana simu. Alikuwa nayo, lakini aliacha kuipokea tangu vuli, kila ikilia aliitazama tu.

Nilitazama barabara, magari yakirusha tope, taa za kuvukia zikibadilika, na watu maelfu wenye makoti meusi na kofia. Nilianza kumwona Mzee Hom kila mahali, na kila nilipotazama vizuri alikuwa mtu mwingine. Nikamwambia kweli tupu: sisi ni vikongwe wawili, na mtaa huu hauna mwisho.

Kisha akaivaa ile glavu kubwa mkononi mwake mwenyewe, akageuka, akaanza kurudi kituoni. Alitembea upesi hata mimi nilibaki nyuma.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wakila samaki wa mvuke na kabichi. Bi Kwan alikuwa amesimama karibu na jikoni akizungumza na mpishi. Ni mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya kituo kizima. Laifan hakumwita pembeni. Alisimama mbele yake na koti lake lililolowa, akasema, "Mume wangu amepotea. Si kiziwi. Kichwa chake kimeharibika, yapata mwaka sasa, na mimi nimewadanganya ninyi nyote."

Vijiti vilisimama. Hata wale waliokuwa viziwi kweli walisikia.

Tam aliweka bakuli lake chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Lakini ulisema kinyozi," akasema. "Mimi nimemwona akipanda gari pale mlangoni, nilipokuwa navuta sigara. Gari jeupe. Dereva kamshika mkono kampandisha. Nikajua anapelekwa hospitali nawe unaona haya kusema. Nikanyamaza. Mtu ana haki ya kuficha ugonjwa wake."

"Umemwona," Laifan akasema. "Umemwona ukakaa hapa unakula."

"Ningejuaje? Wewe ndiye uliyesema kinyozi."

"Ulijua anaumwa?"

Tam aliwatazama watu wa meza yake, na wao wakatazama samaki wao. "Dada Fan," akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "huyu mzee si kiziwi. Nikimtukana kwa sauti ndogo, anacheka. Nani hapa hajui? Vigae vyake nampangia mimi wewe ukienda kuchukua chai."

Laifan angekuwa na nafasi angelia, lakini Bi Kwan alikuwa ameshamshika bega akimwuliza Tam gari lilikuwa la aina gani. Jeupe, Tam alisema. Yote ni meupe, Bi Kwan akasema. Tam alifumba macho. Lilikuwa na maandishi mekundu ubavuni, akasema, yale ya Kizungu, ila si Kizungu chenyewe, kwa maana herufi moja ilikuwa imegeuzwa ikatazama nyuma.

"Warusi," akasema Bi Kwan.

Kuna kituo cha Warusi upande wa baharini, na magari yao hupita mtaani kwetu kuchukua wazee wanaotoka zahanati. Bi Kwan aliwapigia polisi kwanza, kisha akapiga simu huko, nasi tukasimama mlangoni mwa ofisi yake tukisikiliza Kiingereza tusichokielewa na kujaribu kukisoma kwenye uso wake. Uso haukusema kitu. Aliuliza, akasikiliza, akauliza tena. Akaweka mkono kwenye simu akatueleza kwamba mama wa kule anasema hawana mtu aliyezidi. Wana Wakorea wachache, wale waliozaliwa Uzbekistan wakakua wakisema Kirusi, na leo amekuja mpya, Mzee Tsoi, dereva amemchukua zahanati. Hakuna Mchina.

Laifan aliketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi tu, kama mtu anayeketi kuchambua mboga. Nilichuchumaa kando yake. Akanishika kidole cha mwisho cha mkono, hicho hicho kimoja, akakikaza.

Ndipo Bi Kwan alipoinua mkono kututaka tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Kule upande wa pili simu nyingine ilikuwa imelia, na yule mama alikuwa ameipokea huku hii ikiwa bado sikioni. Tulisikia sauti yake ndogo ikisema Kirusi, ikipanda, kisha ikakatika. Aliporudi alizungumza polepole. Alisema aliyepiga ni binti wa Mzee Tsoi, amekasirika sana, baba yake amesimama zahanati tangu asubuhi na gari halijamfuata. Lakini Mzee Tsoi, yule mama alisema, yuko hapa hapa mbele yangu. Anakula.

Bi Kwan aliitazama ile glavu mkononi mwa Laifan, akamwomba yule mama atazame kama mzee huyo ana glavu mbili.

Tulisubiri. Sijui ni muda gani. Mtu fulani nyuma yangu alikuwa anasoma sala chini kwa chini, na Tam alimwambia anyamaze, kisha akamwambia aendelee.

Alikuwa na moja.

Tulikwenda kwa gari la kituo, Bi Kwan akiendesha mwenyewe, Laifan mbele na mimi nyuma. Nilidhani sasa atapumua, lakini alikuwa na hofu kuliko awali. Alisema wamemlisha nini, ana sukari. Alisema watakuwa wanamsemesha naye haelewi, atakuwa ameogopa, akiogopa hujikojolea, na nani atamwambia msalani ni wapi. Na tulipokaribia akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa likimtafuna kweli: itakuwaje kama hatanijua mbele ya watu hawa, wakakataa kunipa?

Bi Kwan alikuwa anatafuta mahali pa kuegesha gari.

Kituo cha Warusi kilikuwa na mapazia mazito na zulia, na joto la ndani lilitupiga usoni. Muziki ulikuwa unalia. Mabibi wenye meno ya dhahabu walikuwa wanacheza dansi wao kwa wao katikati ya ukumbi. Mama wa kwenye simu, jina lake Raisa, alikuja mbio akiwa amejishika kifua kwa mikono miwili, akituomba radhi kwa Kiingereza, akimnyooshea kidole kijana wa kiume aliyesimama ukutani ameinamisha kichwa, ambaye ndiye dereva, mgeni kazini. Alikuwa ameambiwa amchukue mzee Mkorea mbele ya zahanati. Akamkuta mzee amesimama na koti. Akamwuliza, wewe ndiye Tsoi? Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

Laifan hakumsikiliza. Alikuwa anatazama kona ya ukumbi.

Mzee Hom alikuwa ameketi na wazee watatu wakicheza dhumna. Mbele yake palikuwa na bakuli la supu nyekundu iliyobaki nusu. Alikuwa anavigonga vipande mezani kwa nguvu, kama zamani, na alikuwa anaongea. Hakuwa akiitikia tu. Alikuwa anawasimulia kwa Kitaishan habari za msimamizi mmoja wa kiwanda aliyetumbukia kwenye pipa la unga, nao walikuwa wanamjibu kwa Kirusi, mmoja akimpiga begani, na hakuna hata mmoja aliyengoja mwenzake aeleweke. Alifika kwenye pipa akaanza upya, naye yule wa kulia akacheka upya mahali pale pale.

"Anaongea," Laifan akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutwa na jambo. "Sau, anaongea."

Hakusogea. Nilimsukuma kidogo mgongoni ndipo akaenda. Mumewe alimwona amesimama kando ya meza, akafunika vipande vyake kwa kiganja asichungulie. Kisha akamsalimu kwa heshima kubwa.

"Bibi, karibu. Watu hawa ni wema, ila supu yao ina siki."

Laifan aliivua ile glavu nyeusi aliyokuwa bado ameivaa, akaushika mkono wa mumewe akamvalisha, kidole kwa kidole. Mzee alimwachia mkono. Wale wazee watatu walitazama kando.

"Twende nyumbani," Laifan akasema.

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

Alifikiri. Kisha akatabasamu, akatikisa kichwa, vilevile alivyomtikisia dereva. Nilimwona Laifan akikitazama kile kichwa kikienda juu na chini, na hakukuwa na furaha yoyote usoni mwake.

Kituoni Bi Kwan alituketisha ofisini, akamletea Mzee Hom chai, na hakumung'unya maneno. Alisema hawezi kumweka tena ukumbini bila mtu wa kumwangalia. Ghorofa ya juu kuna chumba cha wenye kusahau, kina wahudumu wake, wote wanajua lugha, na mlango wake hulia kengele ukifunguliwa. Huko anaweza kuja. Lakini hatampokea mpaka binti ajue, na ajue leo.

Laifan alisema binti akijua atampeleka kwa kina Pang.

"Labda," akasema Bi Kwan. "Mimi siwezi kukuahidi kwamba hatafanya hivyo. Lakini mama, leo alikuwa katika gari la mtu asiyemjua, na wewe ulikuwa unamwekea chakula mbele ya kiti kitupu."

Laifan alipiga simu. Sukyi alifika jioni moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho cha kazi bado kikining'inia shingoni. Mimi nilitaka kuondoka lakini Laifan alinishikilia. Nilitegemea kelele. Sukyi alimwendea baba yake kwanza, akainama akamwita, naye mzee akamwambia vizuri, karibu, keti. Sukyi aliketi. Alipomgeukia mama yake hakupaza sauti.

"Mama, kila Jumapili unaniambia baba hasikii. Kila Jumapili nampigia kelele kwenye simu. Mwaka mzima namfokea baba yangu."

Laifan alisema tu kwamba aliogopa mzee atapelekwa nyumba kama ya Pang. Sukyi akauliza nani amesema habari ya nyumba. Yeye alikuwa na chumba kwake New Jersey, alisema, watahamia wote wawili wiki hii. Laifan akasema kwako hakuna mtu wa kuongea naye mchana kutwa, kuna miti. Wakabishana juu ya miti. Wakabishana juu ya ngazi, juu ya daktari, juu ya nani alipaswa kumwambia nani. Mwisho wakakubaliana jambo lisilomridhisha hata mmoja: mzee ajaribu ghorofa ya juu mpaka kipupwe kiishe, Sukyi awachukue mwisho wa kila wiki, na ikishindikana, wazungumze tena. Hilo neno, ikishindikana, Laifan aliondoka nalo, na sidhani kama limewahi kumtoka.

Siku ya kwanza alimpandisha mwenyewe, akamvua koti, akawaeleza wahudumu mambo yote hata wao wakachoka. Kisha akashuka akaketi kwetu. Kiti cha kulia kwake kilikuwa kitupu. Tam alichanganya vigae akampa. Alicheza vibaya sana. Alitupa vigae alivyovihitaji, na kila kengele ya juu ilipolia aliinuka kabla hajajua ameinuka.

"Keti," Tam akamwambia. "Ni mtu wa msalani huyo."

"Umejuaje?"

"Akitoroka, kengele italia na Bi Kwan atalia. Tutasikia wawili."

Mchana alipanda kumtazama. Alikaa kwa muda, nasi tukamngoja, chakula chake kikapoa. Aliporudi tulimwuliza vipi. Akasema amemkuta anachambua mboga na wenzake, amekula, hajajikojolea. Mzee alimkaribisha kando yake kama mgeni. Kisha akamwinamia sikioni, akamwonyesha kwa macho bwana aliyekaa jirani yake, akamnong'oneza: yule amesahau jina lake mwenyewe, lakini mimi humjibia wakimwuliza. Usimwambie mtu, watamfukuza.

Tam alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, siwezi kusema uongo. Laifan hakucheka. Aliuliza ni zamu ya nani, tukamwambia ni yake, naye akaokota kigae. Juu kengele ikalia. Mkono wake ulisimama hewani na kigae kikiwa bado ndani ya vidole. Akasikiliza mpaka iliponyamaza, akasikiliza tena kidogo, ndipo akakitupa.